Tarsa Hakuvaa Deraya

Mantia alikuwa anakanda unga wa ngano Mukapor aliposimama mlangoni bila kubisha hodi. Alikuwa ameshika podo mkononi, na mguu wake wa kushoto hakuukanyaga sawasawa. Jeshi lilikuwa limerudi Apamea asubuhi ile, na tangu jua lilipochomoza mitaa ya nyuma ya kambi ilijaa vigelegele vya wake na kelele za watoto wanaorushwa juu na baba zao. Mantia alikuwa ameyasikia yote hayo, akajiambia kwamba mumewe Tarsa hupenda kupitia kwanza nyumba ya kuogea, ndiyo maana amechelewa. Akaongeza unga.

"Shemeji," Mukapor alisema.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Shemeji, kaa kwanza."

Hakukaa. Mikono yake ilibaki ndani ya unga. Alimwona Mukapor akitazama kila kitu mle ndani isipokuwa yeye: chungu cha dengu, kitanda, na sanamu ndogo ya Mungu Mpanda Farasi iliyokuwa kwenye shubaka. Hapo akajua. Mtu mwenye habari njema hatazami vyungu.

"Amekufa."

"Ng'ambo ya mto Frati," Mukapor alisema. "Kwenye korongo kavu. Wapanda farasi walitutokea kulia, vumbi tupu, huoni hata mkono wako."

"Na majivu yake?"

Kwa watu hawa, mwenza wa hema ndiye humbebea mwenzake chungu cha majivu mpaka nyumbani, hata kama njia ni ya mwezi mzima. Mukapor na Tarsa walikuwa wamelala hema moja miaka saba. Sasa Mukapor amekuja na podo, na ndani yake mikuki mifupi miwili tu badala ya mitano.

"Hakuonekana," alisema hatimaye. "Karani ameandika hivyo. Hakuonekana."

Mama mkwe wa Mantia, bibi Zia, akaingia kutoka uani na vitunguu mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyetembea na mwanawe kutoka milima ya Thrakia mpaka Shamu bila kuacha kulalamikia chakula cha njiani. "Mukapor, mwanangu, mbona umesimama kama mbuzi aliyekutwa jikoni? Ingia ule. Yule mwingine akichelewa tutamlia chake."

Bibi Zia akamtazama mkwewe, akaitazama ile mikono iliyoganda ndani ya unga. Vitunguu vikamdondoka kimoja kimoja.

Mantia akafungua kinywa ili apige yowe, na yule bibi akaruka akamziba kwa kiganja chake chenye harufu ya vitunguu.

"Usilie! Nyamaza, mwanangu, nakuomba! Ana kaburi?"

Mukapor akatikisa kichwa.

"Basi usilie. Kilio humwita. Akija akakuta hana pa kulala, atakwenda wapi?"

Ndivyo walivyolelewa wote watatu, na hakuna aliyebisha. Mantia akayameza yale machozi, yakamkaa kifuani kama jiwe.

Lakini hofu ilikuwa na sura mbili, na ya pili ilikuwa ya watu walio hai. Katika kambi ile, aliyeandikwa "hakuonekana" alingojewa siku tisa. Siku ya tisa jeshi hupangwa mbele ya bendera na majina kusomwa. Akitokea mtu wa kuapa kwamba alimwona akianguka, jina huhamia kwa wafu. Asipotokea, jina hufutwa, na aliyefutwa ni mtoro wa jeshi. Mama yake na mke wake hutolewa katika nyumba za askari, na hakuna ruhusa ya kummwagia hata tone la divai. Mtoro hahesabiwi kati ya mizimu. Huko alikokwenda hayupo, na huku alikotoka hayupo.

Kesho yake Mantia alijifunga ushungi, akaenda kwa karani penye lango la kambi. Karani alikuwa kijana mgeni, aliyehamishwa majira yale kutoka ngome za mto Rini, na pua yake ilikuwa bado imebabuka kwa jua la Shamu.

"Jina?"

"Aurelio Tarsa. Wa akida Verekundo."

Kidole cha karani kikashuka, kikasimama. "Ah, huyu. Mama, deraya ya chuma ya mume wako ilikutwa kwenye mkokoteni wa mizigo. Imekunjwa vizuri, chapeo juu yake. Nimekaa na jeshi miaka sita. Anayekwenda vitani huvaa deraya. Anayeivua akaikunja ana safari nyingine."

"Lakini wapo wanaopigana bila deraya. Wale wa mikuki mifupi, wanaotangulia mbele."

"Najua wapo, ingawa kwetu hatukuwa nao. Majina yao ninayo hapa. Wa kwako hayumo. Ameandikwa safu ya ngao kubwa."

"Je, waliozikwa kule? Wote waliangaliwa?"

"Wenye deraya walichomwa moto mmoja mmoja, kwa majina. Halafu kulikuwa na watu saba wenye kanzu tupu. Wachunga nyumbu. Walitiwa shimo moja."

"Nani alisema ni wachunga nyumbu?"

Karani akashangaa, kama mtu aliyeulizwa nani alisema maji yanalowesha. "Kanzu zao zilisema."

Askari wawili waliokuwa wameegemea lango wakacheka. "Mwambie akamtafute kwao milimani! Wathrakia wana miguu ya mbuzi, saa hizi yuko kileleni anakula majani!"

Mantia alirudi nyumbani akihesabu hatua ili asianguke. Zaidi ya kicheko, kilichomtisha ni neno alilokuwa nalo moyoni, ambalo hakumwambia mtu. Wakati wa kuchanua kwa milozi, Tarsa alikuwa ameketi mlangoni akisugua chapeo, akasema: "Siku moja nitachoka na machuma haya, Mantia, nitaondoka zangu." Naye alikuwa amecheka. Sasa alilisikia neno lile kila alipogeuka. Itakuwaje kama ni kweli? Kama yu hai, anatembea upande mwingine, na yeye hapa anazuia machozi kwa ajili ya mtu anayekula zabibu? Aliona haya kwa wazo hilo. Akapiga magoti mbele ya Mpanda Farasi, akashindwa kujua aombe nini, maana kumwombea awe hai kulikuwa ni kumwombea awe mtoro.

Siku zikapita, ya pili, ya tatu. Bibi Zia alipika na kupakua, akaosha vyombo, macho makavu. Wakati mwingine alisimama ghafla katikati ya ua akasikiliza. "Umesikia?" "Sijasikia kitu, mama." "Yuko shimoni na watu asiowajua," bibi alisema, kwa kuwa Mantia alikuwa amemweleza habari za lile shimo. "Wamemlalia. Tarsa hapendi kubanwa, tangu mdogo alikuwa akipiga mateke usingizini." Kisha akarudi kwenye vyombo vyake. Mantia alianza kuogopa kukaa naye, na aliogopa zaidi kukaa peke yake.

Siku ya nne aliliteremsha lile podo ili alifute vumbi. Alikuwa amelitundika chini ya shubaka bila kulitazama vizuri. Lilikuwa la ngozi ya ng'ombe, na kamba yake ya begani ilikuwa imekaukiwa na damu. Chini ya mfuniko, kidole chake kikagusa alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: ukwato na mistari mitatu. Alama ile aliijua. Alikuwa ameshona viraka kando yake mara ngapi, kwenye joho na kwenye mfuko wa ngano! Ilikuwa alama ya Mukapor.

Basi ni podo la Mukapor mwenyewe. Alikaribia kulitupa. Halafu akaona kamba. Mukapor alikuwa mtu mfupi, na tundu lake la siku zote lilikuwa limepanuka na kuchakaa. Lakini kamba ilikuwa imelegezwa matundu manne zaidi, na hapo ndipo damu ilipokaukia, chini ya kifungo. Mantia akajivika podo, akapima kwa viganja kutoka begani mpaka nyongani, kama alivyompima Tarsa kila alipomshonea kanzu. Likakaa pale pale lilipopaswa kukaa kwa mtu mrefu.

Alimkuta Mukapor nje ya boma, nyuma ya hori la nyumbu, akijifanya anashona kiatu. Mguu wake ulikuwa bado umevimba.

"Nani alivaa podo hili?"

Mukapor akainua macho. "Shemeji, punguza sauti."

"Nani alilivaa?"

"Yeye."

Kiatu kikaanguka. Mukapor alijikunyata, akaanza kusema haraka haraka, kwa lugha ya kwao, kama mtu anayetapika. Siku moja kabla ya vita alikuwa ameteguka kifundo. Yeye ndiye aliyeandikwa kwa mikuki mifupi, watu wanaokwenda mbele na kanzu tupu na ngao ndogo, ili wakimbie, warushe, warudi, wakimbie tena. Kwa mguu ule asingeweza. Na akida Verekundo alikuwa ameapa kumchapa mbele ya wote yeyote atakayejisingizia ugonjwa.

"Tarsa akaniambia, nipe podo lako. Wewe nenda kasimame mahali pangu kwenye ngao, pale mtu anasimama tu kama mlango. Nikamwambia, na akida? Akasema, akida akiona vumbi atajua nani ni nani? Akacheka, shemeji. Akasema siku zote anatamani kukimbia bila kubeba chuma. Akavua deraya yake palepale. Kwangu ilikuwa kubwa mno, nikasimama na ngao tu. Mimi ndiye niliyeikunja."

Mantia akashika ukingo wa hori. Kumbe chuma alichosema atakichoka ndicho hicho, na hakuna zaidi.

"Ulimwona akifa?"

"Nilimtafuta baadaye. Amelala kwenye korongo, ametupa mitatu, imebaki miwili. Jeraha liko hapa." Akajigusa chini ya mbavu. "Angekuwa na deraya usingeingia hata ukucha. Nikalivua podo lile ili wasione alama yangu. Kisha wakaja wa kuzika. Mmoja akauliza, na huyu ni mchunga nyumbu? Akaniuliza mimi."

"Ukasemaje?"

Mukapor alitazama chini. "Niliitikia kwa kichwa."

Nyumbu mmoja alikunywa maji taratibu kati yao. Mantia alisikia kila funda.

"Aliyeacha mahali pake vitani," Mukapor alisema, "wenzake wa hema humpiga marungu mpaka afe. Unajua hilo. Kule korongoni sikuogopa hivi, naapa. Tangu tuvuke mto, kila mtu akiniita jina langu naona marungu."

Mantia alikuwa amekwenda pale na maneno makali, na yote yakampotea. Kumwomba aseme ni kumwomba afe. Kutomwomba ni kumwacha Tarsa shimoni mpaka mwisho wa dunia, chini ya watu. Aliogopa kufungua kinywa, kwa kuwa neno lolote lingeua mtu mmoja kati ya wawili.

"Mama hajalia mpaka leo," alisema tu. Akaondoka na podo begani mwake.

Siku ya tisa wanawake walisimama ng'ambo ya handaki, mahali wanaporuhusiwa. Bibi Zia alikuwa amevaa joho lake zuri, na mkono wake ndani ya mkono wa Mantia ulikuwa wa baridi kama samaki. Jeshi lilipangwa. Karani akaanza kusoma. Kwa kila jina mtu alitoka, akaapa, akarudi. Mantia alimtafuta Mukapor kwa macho na hakumwona. Alijaribu kumwomba Mpanda Farasi, akawa anarudia neno moja tu: tafadhali, tafadhali.

"Aurelio Tarsa! Nani alimwona?"

Bendera zilipigapiga kwenye upepo.

"Mara ya pili. Nani alimwona?"

Bibi Zia alitoa sauti ndogo kama ya kifaranga.

"Mara ya—"

"Mimi." Mukapor alitoka safu ya tatu akichechemea. "Yuko kwenye shimo la wachunga nyumbu. Alikuwa mahali pangu, na mimi nilikuwa mahali pake."

Mnong'ono ulipita kama moto kwenye majani makavu. Akida Verekundo alimsogelea, fimbo mkononi, mtu mzito mwenye nyusi za kijivu. "Rudia." Mukapor akarudia yote, mpaka na kule kuitikia kwa kichwa. Sauti yake ilikatika mara mbili.

"Hayo ni maneno," akida alisema. "Mfu hawezi kukubishia. Una nini cha kuonyesha?"

Mukapor akageuka, akatazama ng'ambo ya handaki. Watu wote wakatazama huko. Mwanamke haingii kati ya safu, hilo kila mtu alilijua. Mantia alijikuta anavuka ubao wa handaki, podo begani, masikio yakimvuma hata hakusikia walichomzomea. Alimfikia akida, akalivua. Alionyesha tu kamba, na tundu, na damu.

Verekundo akamvika Mukapor podo lile. Likamning'inia mpaka karibu na goti. Baadhi ya askari wakacheka, wakanyamazishwa. Akida alisogeza kamba, akaona tundu lililochakaa, akaona lile lenye damu, akakwaruza kwa ukucha.

"Kulikuwa na mtu mrefu," akida alisema polepole. "Alitangulia mbele ya wenzake wote, wale farasi wakasita. Wakati ule tulipata nafasi ya kugeuza ngao. Nilijiuliza, Mukapor amerefuka lini?"

Akamgeukia karani. "Mwandike kwa wafu."

"Niandikeje, bwana? Safu ya ngao, bila deraya?"

"Andika alivyokuwa."

Kuhusu Mukapor, akida alisema mahali pake hapakuachwa tupu, palijazwa na aliye bora kuliko yeye, kwa hiyo asipigwe marungu. Atapigwa fimbo thelathini, atalala nje ya boma mpaka kipupwe kiishe, na atakula shayiri kama mnyama badala ya ngano. Mukapor alianguka magotini, na haikujulikana kama ni mguu au ni shukrani. Fimbo alizipokea palepale. Mantia hakutazama, lakini alizisikia zote.

Mchonga mawe ya makaburi aliitwa Zebinas, mtu wa hapohapo Apamea, na alikuwa na mawe manne tayari yamesimama ukutani, askari wanne wenye deraya wasio na nyuso.

"Chagua, mama. Kilichobaki ni uso na jina. Nitakumalizia kwa siku tatu."

"Mume wangu hakuvaa deraya. Itoe."

"Jiwe halivuliwi nguo!"

"Basi chonga jingine. Kanzu, na joho. Ngao ndogo. Mikuki mifupi mkono wa kulia."

Zebinas akajikuna kichwa. "Mama, nisikilize mimi, nina uzoefu. Watu watapita barabarani watasema huyu alikuwa mtumishi wa mtu."

"Walikwisha sema. Ndiyo maana yumo shimoni. Akirudi akamkuta mtu wa chuma kwenye kaburi lake, atajuaje kwamba ni lake? Atapita."

Zebinas hakubisha tena. Alikuwa na wafu wake naye. "Mikuki mingapi?"

"Mitano," Mantia alisema. "Yote."

Walimzika kando ya barabara ya kaskazini, asubuhi, siku jiwe lilipokuwa tayari. Kaburi lilikuwa dogo kwa sababu hapakuwa na cha kulaza ila podo na ile mikuki miwili. Mantia aliviweka kwa mikono yake. Bibi Zia akasimama kwenye ukingo akamwita mwanawe kwa jina mara tatu, kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani bado anayo. "Tarsa! Tarsa! Tarsa! Njoo, kwako ni hapa." Kisha akalia. Alilia akiwa ameketi chini, miguu mbele kama mtoto, na Mantia akaketi karibu yake, na lile jiwe la kifuani likaachia.

Walipomaliza walimwaga maziwa, asali, na divai. Mukapor alikuwa amesimama mbali, joho likiwa limelegezwa ili lisiguse mgongo wake. Bibi Zia akampungia mkono aje, naye akaja, akamwaga divai mwishoni, nusu ikamwagikia vidole vyake. Wakasema wote pamoja, "Udongo uwe mwepesi juu yako." Wakafukia. Wakanawa mikono kwa maji ya mtungi, wakashika njia ya kurudi mjini, bibi katikati, na hakuna aliyegeuka nyuma.